Somo la 12: Skuli Ikifungwa



Unaukumbuka mwezi wa Machi mwaka 2020? Tarehe 16 ya mwezi huo ilitangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Tanzania. Siku ya pili yake, tarehe 17, Waziri Mkuu alitangaza kuwa skuli zitafungwa. Baada ya siku chache ugonjwa ukatangazwa Zanzibar pia. Skuli za Unguja na Pemba zikafungwa milango.

Chukwani iko karibu na uwanja wa ndege. Tumezoea mngurumo juu ya vichwa vyetu. Mara ndege za watalii ziliacha kuja. Juu kukawa kimya. Chini, majumbani, kukawa na kelele, kwa sababu watoto wote walikuwa nyumbani, wadogo kwa wakubwa.

Somo hili linahusu wale wakubwa. Ni vijana wa miaka 13 hadi 19, walio skuli ya msingi madarasa ya juu na sekondari. Huenda wewe umejifunza kusoma na kuandika ukubwani. Huenda mwanao wa Kidato cha Tatu anasoma kitabu ambacho wewe huwezi kukisoma. Utasema: "Nitamsaidiaje mtu aliyenipita?" Swali hilo ni zuri. Somo hili linalijibu.

Skuli zilifungwa kwa muda gani?

Tanzania Bara, wanafunzi wa Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni 2020. Skuli nyingine zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Nasi huku visiwani hatukukaa muda mrefu sana. Ilikuwa ni miezi, si miaka.

Wenzetu wengine walikaa zaidi. Kenya ilifunga skuli Machi 2020. Wanafunzi wengi wa huko walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Uganda ilifunga mwezi huo huo wa Machi 2020, na wanafunzi wengine hawakurudi mpaka Januari 2022. Hiyo ni karibu miaka miwili. Mtoto aliyefunga skuli ana miaka 14, alirudi anakaribia 16. Wengine hawakurudi kabisa. Wasichana wengi walikuwa wameshakuwa mama. Wavulana wengi walikuwa wameshaingia katika vibarua, wameonja fedha, na dawati halikuwavuta tena.

Duniani kote, mwezi wa Aprili 2020, wanafunzi wapatao milioni 1,600 katika nchi zaidi ya 190 walikuwa hawaendi skuli. Jambo kama hilo halijapata kutokea.

Wanafunzi hao wa mwaka 2020 leo ni watu wazima. Lakini maradhi ya mlipuko huja, huondoka, na huja tena. Sierra Leone, huko Afrika Magharibi, skuli zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya Ebola mpaka Aprili 2015, miaka mitano tu kabla ya korona. Kwa hiyo ni vizuri tujue la kufanya.

Redio ilifundisha, lakini

Wakati ule Serikali haikukaa kimya. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Hapa kwetu ilikuwa ZBC. Zanzibar si wageni wa jambo hili. Televisheni ya rangi ilianza hapa mwaka 1973, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazina hata ile isiyo na rangi.

Lakini tuseme kweli. Nyumba nyingine haina televisheni. Nyingine inayo, lakini umeme wa Tukuza umekwisha. Walimu wengine walituma kazi kwa simu. Simu yenye intaneti ni moja, nayo ni ya baba, na baba ametoka nayo tangu alfajiri.

Hata pale palipokuwa na redio, na betri, na nafasi ya kukaa, kijana alisikiliza siku mbili tatu kisha akaacha. Wazee wakasema: "Vijana wa siku hizi wavivu." Je, ni kweli?

Tazama jambo hili. Mwaka 1973, huko Tanzania Bara, kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walijifunza kwa redio habari za malaria, kichocho, maji safi na vyoo. Wengi wao walikuwa ni wakulima. Walichoka, walikuwa na watoto, walikuwa na mashamba. Mbona hawakuacha?

Sababu ni kuwa hawakusikiliza mmoja mmoja. Walikaa kwa vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi. Kulikuwa na kitabu kidogo cha kusoma pamoja. Redio ikinyamaza, wao walianza kuzungumza: Je, haya yapo kwetu? Tufanye nini? Kisha walikwenda kuchimba choo. Wiki ya pili kiongozi aliuliza: "Choo kimefika wapi?"

Na huko Chicago, Marekani, mwaka 1937, skuli zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya ugonjwa wa kupooza wa watoto. Masomo yalitolewa kwa redio, na magazeti yakachapisha maswali. Lakini waliweka pia walimu kwenye simu, ili mtoto au mzazi aliyekwama apate wa kumuuliza.

Redio ni sauti. Haikuoni kama umelala. Haikuulizi kesho: "Kazi yako iko wapi?" Mtu hujifunza vizuri pale anapokuwapo mwingine anayemngoja.

Fikiri juu yako mwenyewe

Kwa nini wewe unakuja darasani? Unatoka baharini, au shambani, au sokoni. Mgongo unauma. Macho yanataka kufumba. Hata hivyo unachukua daftari unakuja. Pengine siku ile ya tatu ulitaka kuacha. Ulikosea kuandika jina lako mbele ya watu, ukaona haya. Nini kilikurudisha?

Pengine ni mwenzako aliyekupitia nyumbani akaita: "Haya, twende!" Pengine ni mwalimu aliyesema: "Jana hukuja, tulikungoja." Pengine ulitaka kusoma barua yako mwenyewe bila kumpa mtu mwingine aisome.

Kijana ni vivyo hivyo. Skuli humpa kengele ya asubuhi. Humpa wenzake wa kucheka nao na kushindana nao. Humpa mwalimu anayeuliza. Skuli ikifungwa, vyote vitatu huondoka siku moja. Hubaki kitabu peke yake, na kitabu peke yake ni kizito hata kwa mtu mzima.

Basi wewe, uliyejifunza ukubwani, unajua jambo ambalo wengi waliosoma zamani wamelisahau. Unajua ugumu wa kushika kitabu bila kengele.

Mama na asilimia

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza tungule na vitunguu. Mwanawe wa kiume yuko Kidato cha Tatu. Skuli zimefungwa. Wiki ya kwanza kijana alifurahi. Wiki ya pili akaanza kuamka saa nne. Wiki ya tatu akawa halali usiku, haamki asubuhi, na akiulizwa jambo anajibu kwa neno moja.

Mama alimkaripia. Akamwambia: "Mtazame mtoto wa jirani, anasoma." Kijana akatoka akaenda pwani, hakurudi mpaka magharibi. Kumfananisha kijana na mtoto wa jirani hakumpi hamu ya kusoma. Humpa hamu ya kumchukia mtoto wa jirani.

Siku moja mama alikuwa na daftari lake la kisomo. Alifika penye hesabu za asilimia, akakwama. Akakaa kwenye mkeka karibu na mwanawe.

"Mwanangu, hebu nifahamishe hii asilimia."

"Mama, hii nyepesi."

"Kama nyepesi, nifahamishe basi. Mimi naiona nzito."

Kijana akainuka, akatafuta kalamu. Mama akampa hesabu ya kweli. Tenga la tungule amelinunua kwa shilingi 30,000. Ameuza zote kwa shilingi 36,000. Kijana akaandika:

36,000 − 30,000 = 6,000
6,000 ÷ 30,000 × 100 = 20

"Faida yako asilimia 20, mama."

Mama akatazama. Akasema: "Na nauli je? Na mchukuzi? Nauli shilingi 1,000, mchukuzi shilingi 1,000."

Kijana akanyamaza. Hakuwa ameyafikiri hayo. Akafuta, akaandika upya. Gharama yote ni shilingi 32,000. Faida ni shilingi 4,000.

4,000 ÷ 32,000 × 100 = 12.5

"Asilimia 12 na nusu," akasema. "Kumbe faida ni ndogo hivyo?"

Siku ya pili kijana mwenyewe ndiye aliyeuliza: "Mama, leo ngapi zimeoza?" Wakatenga ukurasa wa daftari kwa hesabu za biashara. Kila usiku baada ya chakula walikaa robo saa. Mama alijifunza asilimia. Kijana alikumbuka hesabu zake, kwa sababu anayefundisha hukumbuka kuliko anayefundishwa.

Hakugeuka malaika. Siku nyingine bado alilala mpaka saa tatu na nusu. Lakini palikuwa na mtu anayemngoja na kazi yenye maana.

Angalia vizuri alichofanya mama huyu. Hakumwambia "Soma!" Alimwomba amfundishe. Kijana hupenda kuonekana anaweza. Ukimwambia kila siku mabaya yake, hujiona hawezi, na asiyeweza haanzi. Wala usione haya kusema "sijui" mbele ya mwanao. Heshima yako haipungui. Atakuheshimu zaidi akikuona mzazi wake, na uchovu wake, anashika kalamu.

Kupanga saa

Wazazi wengi wakisikia habari ya kupanga saa, huchukua karatasi wakaandika amri. Saa mbili hesabu, saa tatu Kiingereza, saa nne jiografia. Karatasi hiyo hudumu siku mbili.

Afadhali mwite kijana mkae. Muulize: "Kichwa chako hukaa vizuri saa ngapi?" Mmoja atasema asubuhi baada ya kuswali, kabla ya jua kuwa kali. Mwingine atasema usiku watoto wakilala. Mwache achague. Akichagua mwenyewe, ni ahadi yake. Ukimchagulia, ni amri yako, naye ataitafutia njia ya kuikwepa.

Kisha kazi iwe na mwisho unaoonekana. "Soma leo" haina mwisho. "Maliza ukurasa wa 40 hadi 43, kisha uniambie umeona nini" ina mwisho. Akimaliza, amemaliza. Mwache aende akacheze mpira. Saa mbili za kusoma kweli ni bora kuliko kutwa nzima ya kushika kitabu huku macho yako dirishani.

Mwaka ule Ramadhani ilianza mwishoni mwa Aprili, skuli zikiwa zimefungwa. Mpangilio wa siku ulibadilika kabisa: daku, futari, sala za usiku. Hakuna ubaya. Saa za kusoma nazo hubadilika. Lisilofaa ni kuziacha.

Msichana ana saa ngapi?

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili ni kubwa, nasi wenyewe hatulioni.

Mvulana akibaki nyumbani, watu husema: "Hana kazi." Msichana akibaki nyumbani, watu husema: "Alhamdulillahi, nimepata msaidizi." Asubuhi anateka maji. Anafagia uwanja. Anaosha vyombo. Anamshika mdogo wake. Anapika. Mchana anafua. Alasiri anakuna nazi. Usiku anaosha vyombo tena. Kisha baba anauliza: "Mbona husomi?"

Chukua karatasi uhesabu. Andika saa za kazi za binti yako kwa siku moja, na pembeni andika za kaka yake. Usikisie, hesabu. Wazazi wengi wakifanya hesabu hii hushangaa. Mvulana anaweza kuteka maji. Anaweza kuosha sufuria. Mikono yake haitakatika. Ukimpunguzia binti saa mbili kwa siku, umempa skuli.

Kumbuka yaliyotokea Uganda na Kenya. Msichana asiye na saa ya kusoma huanza kuamini kuwa skuli imekwisha kwake. Hapo akija mtu na maneno matamu, hana la kumzuia.

Usingizi

Wazee hulalamika kuwa vijana hulala sana. Ziko sababu mbili, na moja si kosa lao. Mwili wa kijana anayekua unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Tena katika umri huo usingizi wenyewe huchelewa kuja usiku. Ndivyo mwili ulivyo.

Sababu ya pili ni simu. Kijana huingia nayo kitandani, na saa saba za usiku bado anacheka na mtu wa Dar es Salaam. Fanyeni sharti la nyumba: usiku simu zote zilale mahali pamoja, na ya baba na mama pia. Sharti linalomhusu mtoto peke yake halishiki.

Huzuni na hofu

Wakati wa korona vijana walisikia mengi. Walisikia habari za vifo. Waliambiwa wasimkaribie bibi wasije wakamwambukiza. Wengine walikuwa na bibi nyumba hiyo hiyo, wanalala chumba kimoja. Kijana hubeba hofu kama hiyo kimya. Haji kwako akasema "naogopa". Hukasirika, au hunyamaza.

Mwambie ukweli. Mwambie ugonjwa huambukizaje, tunanawa kwa nini, na lipi hulijui. Ukimficha, atalitafuta barazani, na huko atapata la uongo.

Vijana wengi hawapendi kukaliwa kitako wakahojiwa uso kwa uso. Zungumza naye mkiwa mnafanya kazi pamoja. Mnamenya muhogo, mnashona wavu, mnatembea kwenda dukani. Macho yakiwa kwenye kazi, mdomo hufunguka. Uliza, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu.

Usimnyime wenzake kabisa. Kama wataalamu wa afya wanaruhusu watu kukutana nje kwa kuachiana nafasi, akutane na mwenzake mmoja chini ya mwembe, wasomeshane.

Lakini ziko dalili ambazo si za kungoja. Kijana haachi kuhuzunika kwa wiki mbili au zaidi. Hataki chakula. Haoni raha hata katika mambo aliyoyapenda. Anajitenga na watu wote. Anasema afadhali angekufa. Neno hilo usilichukulie kuwa ni deko, wala usilitibu kwa fimbo. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Kwa Unguja, hospitali ya maradhi ya akili iko Kidongo Chekundu. Watu wengi huliogopa jina hilo, na hofu hiyo imewachelewesha wagonjwa wengi. Kwenda huko kuomba msaada si aibu, kama si aibu kwenda kutibiwa homa. Iko pia namba ya simu ya kusaidia watoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo. Kijana mwenyewe anaweza kuipiga.

Maswali ya kuzungumza

1. Mwaka 2020 skuli zilipofungwa, vijana wa nyumbani kwako walifanya nini? Nani alikuwa akiwauliza kazi zao?

2. Kwa nini watu wa Mtu ni Afya hawakuacha masomo ya redio, lakini vijana wengi wa 2020 waliacha?

3. Mama wa tungule alikosea wapi mwanzo?

4. Wenzako wengine watasema: "Kazi za nyumbani ni za msichana, ndiyo mila." Utawajibu nini?

Zoezi la hesabu

Mvuvi ametumia shilingi 20,000 kwa mafuta na chambo. Ameuza samaki kwa shilingi 26,000. Amelipa shilingi 4,000 kwa msaidizi. Faida yake ni shilingi ngapi? Ni asilimia ngapi ya gharama zake zote? Usimuulize mwalimu. Muulize kijana wa nyumbani, akufahamishe.

Zoezi la kuandika

Kesho asubuhi kabla ya kutoka, mwandikie mwanao maneno machache kwenye karatasi. Iweke juu ya kitabu chake. Andika kwa mkono wako, hata kama herufi zimepinda. Mfano:

"Mwanangu, leo unasoma nini? Niandikie nyuma ya karatasi hii. Nitaisoma nikirudi. Mama."

Akikujibu, lete karatasi hiyo darasani, usome mbele ya wenzako kama mwanao ameridhia. Asipokujibu, andika tena kesho kutwa.